Trikoderma, BT na wenzake: yaliyonikuta Hombolo kwa misimu mitatu (uzi mrefu, kaa vizuri)

Jembe la Bwawani (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Kwenye ule uzi wa nyanya za kiangazi niliahidi kuelezea hizi "dawa za vijidudu", yaani kuvu, bakteria na virusi hai tunaowatumia kupambana na magonjwa na wadudu wa mazao, halafu nikaingia mitini. Leo nimeteguka mguu, nimekaa barazani, shamba nalisimamia kwa simu. Acha nilipe deni.

Nalima Hombolo Bwawani hapa Dodoma, nyanya na hoho, ekari moja na nusu kwa umwagiliaji wa matone. Msimu wangu wa kwanza nilisia trei kumi na mbili za mbegu chotara. Siku ya tisa naenda kumwagilia asubuhi nakuta miche imelala. Nikaushika mmoja: shingo pale usawa wa udongo imesinyaa, kahawia, nyembamba kama uzi uliolowa. Ukiugusa unakatika, na huku juu majani bado mabichi kabisa kama hayajapewa taarifa. Hicho ndicho kinyausi. Katika trei kumi na mbili niliokoa nne, na wanaojua bei ya mbegu chotara wanajua.

Nikakimbilia dukani, nikauziwa kiuakuvu, nikamwagia. Iliyobaki ikasimama. Nikasia tena, ugonjwa ukarudi. Jamaa yangu mmoja aliyesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo, akaniuliza swali dogo tu: udongo wa trei unautoa wapi? Nikamwambia chini ya mti wa mkungugu pale karibu na kisima, nachanganya na samadi. Samadi imekaa muda gani? Nikanyamaza. Ilikuwa ya wiki ile ile.

Ndiye aliyenipa paketi ya kwanza ya trikoderma. Kwenye paketi utakuta imeandikwa Trichoderma na jina la pili, harzianum au asperellum. Kwa asiyejua, huyu ni kuvu. Ndiyo, ukungu unaopambana na ukungu. Yupo ardhini tangu na tangu, hata kwako yupo, ila wachache. Anakua haraka sana, nyuzi zake zinamzunguka kuvu mwingine kama mtambaa unavyozunguka mti, anatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ukuta wa mwenzake, kisha anamla. Wale wanaoangusha miche, kina Rhizoctonia na Pythium, ni chakula chake.

Lakini sehemu kubwa ya kazi yake siyo kupigana. Ni kuwahi nafasi. Wanaopanda gari la Hombolo alfajiri wananielewa: aliyetangulia kituoni anakaa dirishani, anayekuja nyuma awe na misuli awe na kelele, atasimama mpaka mjini. Trikoderma akishatanda kwenye mzizi, mgonjwa anayekuja anakuta viti vimejaa.

Hapo ndipo nataka mshike kabla hamjatoka mbio kwenda dukani. Hivi vitu ni vya kuwahi, siyo vya kuokoa. Karibu kila niliyemsikia akisema "nilijaribu, hazifanyi kazi" alizipeleka shambani baada ya msiba. Na mimi nilikuwemo, nitawaambia.

Msimu wa pili nilifanya hivi. Nikachukua mboji iliyoiva, ile ambayo ukiishika mkononi inanukia mvua ya kwanza na hakuna joto ndani yake. Nikachanganya trikoderma kwa kipimo cha kwenye kibandiko, nikanyunyiza maji mpaka ikashikana ukiikamua bila kudondosha, nikafunika kwa magunia kivulini kwa wiki moja. Ndipo nikajaza trei na kusia. Miche iliyokufa ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kichwa kikavimba.

Nyanya zikaenda shambani, zikatoa maua, matunda yakafika saizi ya ndimu. Siku moja saa tisa alasiri naona mche umelegea wote, mbichi, hauna hata jani la njano. Usiku ukasimama. Kesho alasiri ukalala tena, na wa jirani yake. Siku ya nne umekwisha. Nikasema huu ni mnyauko fusari, ule unaoletwa na kuvu, na dawa yake ninayo kabatini. Nikamwagia trikoderma kwenye mashina. Nikarudia. Nikarudia tena. Mistari miwili ikawa minne.

Bwana shamba wa kata akaja na pikipiki yake, hata hakunisikiliza. Akakata kipande cha shina karibu na ardhi, akaomba glasi ya maji safi, akakining'iniza kipande ndani kwa uzi, ncha ikigusa maji, akasema tusubiri. Dakika chache tu tukaona: kutoka kwenye mkato nyuzi nyeupe zinashuka majini taratibu, kama moshi wa udi uliogeuzwa kichwa chini. Wale walikuwa bakteria. Mnyauko bakteria, siyo fusari. Trikoderma wangu alikuwa anagonga mlango wa nyumba ambayo si yake.

Kwa huo hakuna cha kumwagia. Tuling'oa, tukachoma, na lile eneo nimelipumzisha na mahindi. Hoho, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo, wote ukoo mmoja na nyanya, sitii mguu nao pale. Fusari wa kweli anaanza na majani ya chini kuwa njano, mara nyingi upande mmoja wa mche. Ukikata shina ndani kuna kahawia, lakini maji ya kwenye glasi yanabaki safi kabisa, bila zile nyuzi. Kipimo cha glasi ni bure. Kianze hicho kabla ya pochi.

Msimu wa tatu nikanunua paketi mpya kwenye duka moja mjini, silitaji. Zilikuwa zimetundikwa mlangoni kama pipi, jua la saa nane linazipiga usoni. Tarehe ilikuwa bado. Nikasia, kinyausi kikarudi kama hakijawahi kuondoka. Jamani hiki ni kiumbe hai! Hamira ukiianika juani wiki mbili halafu maandazi yakawa mawe, utamlaumu mpishi? Tangu siku ile nanunua zilizokaa sehemu ya baridi, naangalia tarehe ya kutengenezwa na siyo ya kuisha tu, na nikifika nyumbani ninampima kwanza: vikombe viwili vya wali mweupe usio na chumvi wala mafuta, kimoja nanyunyizia unga kidogo wa paketi, kingine naacha hivyo hivyo, nafunika kwa kitambaa, naweka chini ya kitanda. Paketi ya mlangoni, siku ya tano, kimya. Paketi nyingine, siku ya tatu wali umevaa pamba nyeupe, siku ya tano pamba imekuwa kijani.

Mengine kwa kifupi maana mguu unauma: maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi usiku kucha dawa ya klorini ipungue. Usichanganye na kiuakuvu kwenye pampu moja, utakuwa umemwajiri askari na kumpiga risasi siku hiyo hiyo. Mwagia jioni.

Ulizeni.

Kiti cha Mbele

Nimewahi dirishani kabisa. Pole na mguu mkuu.

Sumu Kali wa Nala

Mkuu umeandika vizuri ila kwangu hii ni chai ya rangi. Mwaka jana niliuziwa BT, ile dawa ya bakteria, ya viwavi jeshi vamizi kwenye mahindi. Nikapuliza saa nne asubuhi, saa kumi jioni narudi nakuta viwavi wamo kwenye koo la muhindi wananiangalia kama wageni wa harusi. Nikapiga sumu ya kawaida, wakadondoka hapo hapo. Mimi nataka kuona maiti.

Jembe la Bwawani

Sumu Kali, nina maswali matatu. Viwavi walikuwa na urefu gani? Kwenye paketi kulikuwa na jina la aina ya BT, kurstaki au aizawai? Na uliwaangalia tena baada ya siku mbili, au ulishapiga sumu?

Sumu Kali wa Nala

Urefu kama kidole changu kidogo. Maneno ya Kilatini sikusoma. Na sumu nilipiga jioni ile ile, nilikuwa nimekasirika.

Bwana Shamba Mstaafu

Naomba kuingia hapa, mleta uzi atanisamehe.

Ndugu yangu wa Nala, BT, yaani Bacillus thuringiensis, haiui kwa kugusa. Lazima kiwavi aile. Ndani ya bakteria huyo kuna fuwele ya protini. Utumbo wa kiwavi una hali ya nyongo, kinyume cha tindikali, na humo ndimo fuwele inapoyeyuka na kutoboa kuta za utumbo. Kiwavi anaacha kula ndani ya saa chache, lakini kufa anakufa siku ya pili, ya tatu, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo wale waliokuwa wanakuangalia saa kumi, huenda baadhi walishafunga mdomo. Hukuwapa nafasi ya kufa.

Tumbo letu sisi lina tindikali, na hatuna zile sehemu ambazo sumu hiyo inajishikiza. Ndiyo maana inaruhusiwa hata karibu na mavuno.

Pili, ulipuliza saa nne asubuhi kwa jua la Dodoma. Miale ya jua inaiharibu BT upesi. Ipulizwe jioni, viwavi wanakula usiku. Tatu, kiwavi wa urefu wa kidole ameshakomaa, na akishajifungia kooni na kuziba kwa kinyesi chake, hata hiyo sumu yako inampata kwa bahati. Shika viwavi wakiwa wadogo, majani yakiwa na vidirisha vya kuonyesha mwanga. Nne, viwavi jeshi vamizi waliingia nchini mwaka 2017, na aina ya kurstaki haiwapati vizuri sana. Aizawai ni afadhali kwao. Watu wananunua "BT" kama wananunua "soda".

Kidogo cha historia kwa wanaopenda. Elimu hii tuliipata kwa wafugaji wa viwavi wa hariri waliokuwa wanalia hasara. Mwaka 1835 Mwitaliano Agostino Bassi alionyesha kwamba ukungu ndio uliokuwa unawaua viwavi wake, na kuvu huyo leo anauzwa kwa jina la Beauveria bassiana, la pili likimkumbuka Bassi. Mwaka 1901 Ishiwata wa Japani akamkuta bakteria katika viwavi wa hariri waliokufa ghafla. Mjerumani Berliner akamkuta tena mwaka 1911 kwenye wadudu wa unga katika jimbo la Thuringia, na jina likatoka huko. Wafaransa walikuwa wanaiuza BT tayari mwaka 1938. Kwa hiyo si mambo ya juzi, na si chai.

Sumu Kali wa Nala

Nimekaa chini. Shikamoo mzee.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba.

Mkazi wa Area D

Swali la kizembe: kile kiwanda cha Kibaha cha viuadudu vya mbu nacho si bakteria? Nikipata dawa yake nikapulizia kabichi zangu?

Jembe la Bwawani

Ile ya mbu ni BT ya aina nyingine, israelensis, inamuua kiluwiluwi wa mbu kwenye dimbwi. Ukoo mmoja, kazi mbalimbali. Kabichi zako zitapata maji tu.

Mama Karanga Kongwa

Habari zenu wanangu. Mimi nalima mahindi na karanga huku Kongwa. Mmeongea nyanya na viwavi, hamjagusa kinachotumaliza Dodoma, nacho ni sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye punje.

Mwaka 2016 watu waliugua mikoa ya Dodoma na Manyara, macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika. Waliohesabika ni 68, na 20 wakafa. Wengi walikula mahindi yao wenyewe, waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Nina jirani ambaye hadi leo akiona punje yenye ukungu wa kijani-njano anatetemeka.

Baadaye tukaletewa Aflasafe, dawa ya kuizuia hiyo sumukuvu. Siku ya kwanza nilicheka: punje za mtama zimepakwa rangi ya bluu, kilo nne kwa ekari, unatembea shambani unarusha kama unalisha kuku. Mtama wenyewe umeuawa kwa joto, hauoti. Umebeba ukungu ule ule, Aspergillus flavus, jamii moja na wa sumu, ila hawa hawana uwezo wa kutengeneza sumu. Wamechaguliwa humu humu Tanzania. Wakipata unyevu wanaota juu ya ule mtama na kupeperuka, wanajaa ardhini na kwenye gunzi kabla wale wabaya hawajafika. Kama alivyosema huyu kijana wa Hombolo, viti vimejaa.

Kazi ipo kwenye muda. Mahindi, wiki mbili hadi tatu kabla ya kutoa mbelewele. Ardhi iwe na unyevu. Mwaka mmoja nilirusha, mvua ikakata siku kumi na nane. Punje za bluu zikakaa juu ya mchanga mkavu zinaangalia mbingu. Kanga wakaja, njiwa wakaja, na kuku wa jirani nao. Mvua iliporudi nilikuwa nimebaki na zile zilizoangukia kwenye majani makavu. Siku hizi nasubiri mvua inyeshe, kesho yake mapema narusha, na watoto wanashinda shambani siku mbili tatu wanafukuza ndege.

Kiti cha Mbele

Mama shikamoo. Sasa si tunaongeza ukungu shambani? Mimi naogopa.

Mama Karanga Kongwa

Marahaba mwanangu. Na mimi niliuliza hivyo hivyo kwenye kikao. Nikajibiwa kwamba ukungu utakuwepo tu, upende usipende, hasa huku kwetu ambako jua linawaka punje zikiwa bado zinajaza. Muhindi ukipigwa na kiu wakati ule ndipo wale wenye sumu wanashangilia. Unachoweza kuchagua ni nani atangulie.

Ila Aflasafe haikupi ruhusa ya kulaza mahindi chini. Mimi naanika juu ya turubai, napukuchua yakiwa makavu, yenye mkwaruzo naweka pembeni. Wapo waliorusha punje za bluu halafu wakaanika kwenye mavumbi ya barabara. Nawaona kila mwaka nikienda soko la Kibaigwa.

Zabibu Chungu

Mpunguzi hapa, zabibu ekari mbili. Mimi nina maadui wawili, ubwiri unga na mchwa.

Ubwiri unga watu wanadhani ni ugonjwa wa mvua. Hapana, huyu hahitaji jani lililolowa, ndiyo maana anaipenda Dodoma. Wa mvua ni ubwiri vinyoya. Nimejaribu bakteria Bacillus subtilis, naanza machipukizi yakiwa na urefu wa shubiri baada ya kupogoa, narudia kila baada ya siku saba hadi kumi. Imenipunguzia mizunguko ya salfa, hasa karibu na kuchuma ambapo sitaki mabaki kwenye vichane. Lakini salfa sijaiacha, nisiwadanganye. Nikiona unga tayari umeshatanda kwenye punje sihangaiki na bakteria tena.

Mchwa ndiyo ameniacha hoi. Niliambiwa kuna kuvu anaitwa Metarhizium, ukimwaga kwenye kichuguu wote wanakufa. Nikamwaga. Wiki mbili kimya, nikawaalika majirani waje kuona. Wiki ya tatu kichuguu kimehamia mita tano pembeni na mashina yangu mapya mawili yameliwa.

Bwana Shamba Mstaafu

Bwana Zabibu, ulikutana na mdudu mwenye akili ya kijamaa. Kwenye maabara Metarhizium anaua mchwa bila shida: mbegu zake zinang'ang'ania ngozi, zinatoboa, mdudu anajaa kuvu. Lakini mchwa wanasafishana miili, wananusa mwenzao aliyeambukizwa, wanamtenga, wanamzika, na njia yenye maambukizi wanaiziba kwa udongo. Wanafanya karantini kabla yetu. Kumwaga juu ya kichuguu kwa hiyo mara nyingi unawafukuza tu.

Kwa wadudu wasio na utaratibu huo, kuvu huyo ni kitu kingine. Wazee wenzangu watakumbuka nzige wekundu wa mwaka 2009 kule Katavi, bonde la Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi. Mbuga zile ni za wanyama na maji, huwezi kumimina sumu kali. Shirika la FAO na shirika la nzige wekundu walipuliza Metarhizium kwa ndege, karibu hekta 10,000. Nzige hawakudondoka siku ile. Walipungua nguvu, wakawa wazito kuruka, ndege wa angani wakawaokota. Maafa yakazuilika.

Na hamjataja virusi. Umewahi kuona viwavi jeshi wa asili, wale wanaotembea kwa kundi, wamening'inia kwenye majani kichwa chini, weusi, ukiwagusa wanapasuka maji? Hao wameuawa na kirusi chao wenyewe. Kirusi hicho kimefanyiwa utafiti na majaribio humu nchini. Hakimgusi mwingine, si nyuki, si ng'ombe.

Sasa nimkosoe mleta uzi kwa upendo. Kipimo chako cha wali kinafurahisha lakini kina mtego. Rangi ya kijani si kitambulisho. Aspergillus, yule yule wa Mama Karanga, naye ni kijani. Ukiona kijani unaweza kushangilia adui. Kikombe kisicho na dawa ndicho kinachokulinda: kikibaki cheupe, ndipo kijani cha kile kingine kina maana angalau kiasi. Usikifunue karibu na pua, usiwape kuku huo wali, na tafadhali sana, watu wasianze kuzalisha ukungu majumbani kwa ndoo za pumba na kuuziana. Utauza kitu usichokijua.

Kilicho salama ni kibandiko: jina kamili la kiumbe, idadi ya chembe hai kwa gramu, tarehe ya kutengenezwa, jinsi ya kuhifadhi, na namba ya usajili wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa za vijidudu zinasajiliwa kama za kemikali. Paketi isiyo na namba irudishe.

Jembe la Bwawani

Nimepokea mzee wangu. Hilo la Aspergillus limenisisimua, kitanda nalalia mimi.

Niongeze moja kwa wa nyanya. Kantangaze, yule kiwavi anayechimba majani ya nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014, BT inampata akiwa ametoka tu kwenye yai, kabla hajachimba jani. Akishaingia kati ya ngozi mbili za jani anakula ndani kwa ndani, dawa iko juu. Mimi natundika mtego wa feromoni, yaani harufu ya jike inayovuta madume, nikiona madume yameongezeka ghafla napuliza jioni, mara tatu, kwa nafasi ya siku nne nne. Maji ya bwawa letu yana chumvi na yana nyongo, nayo inaidhoofisha BT ikikaa kwenye pampu, hivyo naikoroga na kuimaliza saa ile ile kwa maji ya mvua niliyohifadhi.

Na Beauveria kwa inzi weupe: Julai usiku wa baridi na umande ilinisaidia, Septemba upepo mkavu haikufanya kitu. Kuvu anataka unyevu ili aote kwenye ngozi ya mdudu. Video nyingi mnazotazama zimepigwa sehemu za mawingu. Dodoma siyo Lushoto.

Kilimo Mtaji

Bei? Na zinapatikana wapi?

Jembe la Bwawani

Bei inapanda na kushuka, nikiandika leo kesho utanitukana. Ingia maduka makubwa ya pembejeo mjini, uliza jina la kiumbe, siyo "dawa ya ukungu". Akikuuliza "kiumbe gani?", nenda duka la pili.

Sumu Kali wa Nala

Wakuu mrejesho. Nimepata aizawai. Nimepuliza saa kumi na mbili jioni, viwavi saizi ya punje ya mchele. Kesho yake asubuhi wapo. Nikajizuia. Keshokutwa nikafungua majani: wengine wameganda, rangi ya kahawia, wamelegea kama tambi iliyolowa. Siyo wote. Kwenye mashina ishirini niliyoyahesabu, sita bado yana kiwavi hai. Wiki ijayo napiga tena. Maiti nimeziona lakini.

Mama Karanga Kongwa

Hongera mwanangu. Usikasirike tena mapema.

Kiti cha Mbele

Na mimi mrejesho wa wali. Nimefanya vikombe viwili kama mlivyosema. Siku ya tano: chenye dawa kijani, kisicho na dawa nacho kijani, tena kina madoa meusi. Maana yake nini?

Bwana Shamba Mstaafu

Maana yake kipimo chako kimekufa, kijana. Ukungu umetoka hewani au kwenye kikombe. Chemsha vikombe, pakua wali wa moto, funika hapo hapo, unga nyunyiza ukishapoa na ufunike tena haraka.

Kiti cha Mbele

Nimerudia mzee. Ila mke wangu amevikuta chini ya kitanda, na kabla sijaeleza chochote amenipigia mama mkwe.